Hata Makosa Yanatunzwa

Gari letu lilipomaliza mteremko wa Mgeta mtandao ulikamata, na kijana mwenye kompyuta mapajani akapiga kelele: "Alhamdulillahi, imerudi yote!" Jana alikuwa ameifuta kwa bahati mbaya tovuti mpya anayowajengea wakulima wa karoti.

"Siku ya kwanza tu niliiwekea programu ya Git, mama," akamweleza jirani yake wa kiti, ambaye hakuwa ameuliza. "Inatunza kila ninachobadilisha, na nakala iko mtandaoni."

"Hata ulichokosea?"

"Hata hicho, na jina la aliyekosea."

Mama akaguna. "Sisi tukishasameheana, tunafuta."

"Ndiyo maana mnarudia yale yale," akasema kijana, adabu kaiacha mlimani.

Mama akanuna mpaka Mzumbe. Gari liliposimama akashuka na tenga lake, kisha akachungulia dirishani.

"Mwanangu, na waume wanaingia humo?"