Mungu Alimutoa Binti Yangu mu Chumba cha Manjanja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema Bwana asifiwe! Haya, sasa njo munajibu. Mara ya kwanza mulijibu sawa watu wenye kutoka kuzika.

Mimi ni Nkambo Numbi, mama ya Ngoy wa kule kambi ya reli. Shule sikufika mbali. Nilitolewa mapema nikalee wadogo zangu, basi nitasema vile ninajua kusema, na mwenye kutaka maneno ya kupigwa pasi amungoje muchungaji. Leo nimesimama kushuhudia habari ya chumba. Ndiyo, chumba! Musicheke. Mungu aliokoa binti yangu kwa njia ya kuhamisha kitanda. Nitawaeleza, na nikieleza nitakasirika tena. Munivumilie.

Ngoy ni mutoto wangu wa mwisho. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, moja nyuma ya ingine, na kila mara nililia mpaka macho yakavimba. Hii ya tatu ikakaa, tumbo likaonekana, nikaanza kucheka peke yangu kwenye njia. Kiisha muuguzi akamupima Ngoy tansiyo, ile presha ya damu. Akaita Ngoy na bwana yake, akawaambia: "Hii damu iko inapanda sana. Dawa atakunywa, lakini dawa peke yake haitatosha. Alale. Akae fasi ya kutulia. Kama hapana, tutapoteza mutoto, na mama pia tunaweza kumupoteza."

Mimi niliposikia, niliacha nyumba yangu Kinkondja, na nyavu za kaka yangu, na samaki yangu juani, nikapanda kuja Kamina. Nilikuja kwa kazi moja: mutoto wangu alale!

Ndugu zangu, alale wapi?

Mukwe wangu, yaani bwana ya Ngoy, jina lake sitalitaja, juu ya heshima. Nitamwita Mukwe. Ni kijana muzuri, sina neno. Anafanya kazi kwenye treni, hakunywi pombe, hapigi mutu. Lakini saloni yake! Yesu wangu! Fotei ine, kubwa sawa ngombe wamelala, na plastiki ya dukani juu yake hawajaitoa mpaka ile siku. Ukikaa, plastiki inalia, kiisha inakunata ku miguu. Kabati la vioo, lenye vikombe vyenye hakuna mutu anakunywea. Bafle mbili za muziki zenye kunizidi kimo. Maua ya plastiki yenye vumbi. Kila kitu kimengojea wageni! Na wenye nyumba wenyewe? Wanapita mulango wa nyuma, wanakula inje karibu na mbabula ya makaa, wanakaa juu ya ndoo.

Na vile saloni ni ya wageni, vitu vyote vya maisha vilitupwa mu chumba cha kulala. Mifuko ya mahindi. Vifurushi vya samaki kavu, maana Ngoy anauza samaki sokoni. Sufuria, matairi ya kinga, yaani baiskeli, masanduku. Na nyuma ya kitanda, ndugu zangu, manjanja! Mabati ya paa, Mukwe ameyaweka pale ya nyumba atakayojenga siku moja. Treni ikipita, na kambi ya reli treni inapita, ukuta unatetemeka na manjanja yanapiga makelele: ngwaa-ngwaa-ngwaa! Ndani ya sikio la mwenye mimba!

Munaniuliza: "Nkambo, juu ya nini haukuingia ukapanga?" Eee! Nani kati yenu atanionyesha mama-mukwe anaingia mu chumba cha kulala cha mukwe wake? Kwetu haiko. Hata kuchungulia haiko. Nikikutana na Mukwe kwenye njia ninageuza uso, naye anageuza uso. Hatukule sahani moja. Mimi nililala mu kajikoni ka inje, na binti yangu alikuwa ndani, hatua kidogo tu kutoka kwangu, lakini ilikuwa sawa iko ngambo ya ziwa. Ninasikia anageuka-geuka. Ninasikia anapiga kelele treni ikipita. Na miguu yake inavimba tu.

Basi tukaita waombezi. Mama Feza alikuja na kundi lake, yule pale, tayari anacheka, anajua ninasema ukweli. Waliomba kwanza mu saloni, wote wamesimama, maana nani angekaa juu ya ile plastiki? Kiisha wakaingia mu chumba kufukuza pepo. Mimi nikabaki mu lupango, mu kiwanja cha inje, macho chini. Wakaomba kwa nguvu! Pepo wa kuvunja mimba, toka! Pepo wa makelele, toka! Katikati ya maombi, treni ikapita. Ngwaa-ngwaa-ngwaa! Wamama wakapiga vigelegele: "Anatoka! Anatoka!"

Nikalia kutoka inje: "Hakuna mwenye anatoka! Ni manjanja!"

Mama Feza akatoka mule anapiga chafya mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Akaniambia: "Mama Numbi, pepo sijamuona. Pa kumuweka hakuna. Mutoto wako iko analala katikati ya mahindi na samaki sawa kitu cha kuuza."

Ndugu zangu, pale njo moyo wangu ulipasuka. Nilikaa chini karibu na sufuria ya bukari, ule ugali wetu, ninakwangua ukoko, ninamwambia Mungu bila kufunga macho. Nilimwambia: "Bwana, nimechoka. Nimechoka na fotei, nimechoka na wageni wenye hawakuji, nimechoka na haya manjanja. Mutoto wangu iko anakufa mu chumba chenye siwezi kuingia. Nifanye nini?" Nilikwangua, ninalia, ninakwangua. Na sitasema nilisikia sauti kwenye mawingu. Hapana. Lakini moyoni neno moja likasimama, wazi kabisa, na halikuwa langu: *Weye huwezi kuingia. Yeye hawezi kutoka?*

Nikaacha kijiko mule mule mu sufuria!

Maana saloni siyo chumba cha kulala! Saloni mama-mukwe anaingia! Kitanda kikikaa mu saloni, nitakaa na mutoto wangu muchana wote, nitamukanda miguu, nitamupa maji, na desturi ya bukwe, ya mukwe na mama-mukwe kuepukana, haijavunjika hata ukucha! Vile mimi mwenyewe sina akili ya kuwaza hivi, nikajua ni Mungu.

Mukwe alikuwa ku kazi. Nikamuita Mama Feza na wamama wake, nikawaambia maombi sasa ni ya mikono. Tukatoa fotei inje. Mulango ulizikataa, tukazigeuza, tukazisukuma, moja ikanikanyaga kidole, nikaiambia maneno yenye sitarudilia mu kanisa. Tukatoa kabati, tukatoa bafle, tukatoa maua ya vumbi. Wamama wakaleta kitanda kutoka chumbani, mimi nimegeuka upande mwingine mpaka kikapita mulango. Tukakiweka mbali na barabara, pembeni ya dirisha lenye kutazama majani ya mihogo. Dirisha lile lilikuwa limefungwa na kabati tangu zamani! Tulipofungua, upepo ukaingia sawa mutu mwenye alikuwa anangojea kukaribishwa. Tukapangusa saruji na maji. Tukatundika kikwembe changu cheupe kupunguza jua. Mutungi wa maji, kiti kimoja changu, basi. Ukutani hakuna kitu. Ngoy akaingia, akasimama, akasema: "Mama, pa kutembea iko!" Akajilaza. Sikumaliza kumufunika, alikuwa amelala.

Kiisha Mukwe akarudi.

Alisimama mu lupango, ananipa mugongo, na mimi ninatwanga sombe ya majani ya mihogo, ninamupa mugongo. Kila siku Ngoy njo anapitisha maneno kati yetu, sasa Ngoy amelala. Basi Mukwe akaanza kuongea na kinga yake, na mimi nikaongea na kinu.

"Kinga yangu," akasema, "unaona? Minyi natoka ku kazi, nakuta fotei yangu iko inje sawa mbuzi!"

"Kinu," nikasema, "fotei haina mimba. Itavumilia."

"Kinga, bageni bakikuja, batakala wapi?"

"Kinu, bageni gani? Tangu nifike hapa, mugeni mwenye kuingia mule ni mujusi."

Kwa pembe ya jicho niliona mabega yake yanatikisika kidogo, sawa anataka kucheka, lakini akajikaza. "Kinga, bantu ya kambi batasema nini? Batasema minyi nimemutupa bibi yangu ku mulango sawa murefiji mwenye kukimbia vita. Heshima yangu iko wapi?"

Pale nikatupa mutwango chini. "Kinu! Weye ambia ile kinga! Heshima yake iko mule ndani, iko inapumua! Aende aangalie, ao angojee siku tutaizika!"

Pale pale treni ikaanza kukaribia. Manjanja yalibaki kule chumbani, hatukuwa na nguvu ya kuyatoa. Mukwe akageuka kutazama dirisha, uso wake umekazana, anangojea kilio cha bibi yake, maana alikizoea. Treni ikapita. Manjanja yakapiga mule chumbani, mbali, nyuma ya mulango wenye kufungwa. Akangojea. Hakuna kilio! Akasogea polepole, akachungulia. Ngoy alikuwa amelala mudomo wazi, mukono juu ya tumbo.

Alisimama pale dirishani sana. Nilisikia anavuta makamasi. Kiisha akatoa viatu vya kazi asifanye kelele, akaingia chumbani mwake, akaanza kutoa manjanja, moja moja, ameyabeba sawa mutu mwenye kubeba mayai. Kesho yake akayapiga misumari mbele ya nyumba, ikakuwa kibaraza, fotei zikawekwa chini yake. Plastiki aliitoa kwa mikono yake! Wageni wakaanza kuja kweli, maana sasa waliona fasi ya kukaa.

Ndugu zangu, sitawadanganya kusema tansiyo ilianguka siku ile. Ilishuka polepole, ikapanda tena, ikashuka. Dawa alikunywa kila siku, mimi nikisimama mbele yake sawa polisi. Mama jirani alikuja kusema kulala saloni ni aibu, nikamuonyesha njia ya kutoka. Na siku ya kuzaa ilikuwa ngumu, watu wa hospitali walikimbia-kimbia, nikashika nguzo ya varanda nikamwita Mungu kwa majina yote yenye ninajua. Lakini mutoto alilia! Ndugu zangu, alilia mpaka nikasahau goti langu mubovu, nikaruka!

Ni musichana. Tazameni, yule pale kwa mama yake. Tazameni mashavu! Mutoto muzuri kupita hawa wote wenye munabeba leo, na sitaomba samahani. Mukwe amemupa jina langu. Sasa hawezi kumuita! Ni jina la mama-mukwe! Anamuita "Mama" tu, na mutoto akilia, anamuongelesha kwa adabu: "Tafazali, Mama. Tafazali." Mutoto hana hata jino, tayari anaheshimiwa!

Basi ninashukuru Mungu. Ninashukuru Mama Feza na wamama wenye migongo bado inawauma. Ninamushukuru Mukwe, kule nyuma, nimegeuza uso lakini ninamushukuru.

Na weye mwenye unakaa hapa, nyumbani kwako mutu iko anazama, bibi yako, ao mutoto, ao weye mwenyewe, na saloni inangojea wageni: leo ukitoka hapa, fungua lile dirisha. Toa kile kitu. Usingojee pepo. Na kama ule muzigo uko ndani kabisa, mu moyo wa mutu, fasi yenye hakuna mama, hakuna muchungaji, hakuna mutu mwenye ruhusa ya kuingia, usikate tamaa. Mwambie Mungu aende Yeye. Mimi nina bukwe, nilibaki inje. Mungu hana bukwe na mutu yeyote. Anaingia.