Mkoromo wa Shilinde

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi baiskeli Tabora, si mbali na stesheni, na benchi la mbele ya kibanda changu halikukaa tupu. Wenyewe walikuwa wawili. Mzee Abbasi, mstaafu wa reli, tulimwita Karani. Yahaya, fundi cherehani, tulimwita Redio, kwa kuwa hakuna habari aliyoisikia akaacha kuitangaza. Asubuhi moja, muuza kahawa akiwa ndiyo kwanza ametumiminia, akaja Shilinde, dereva wa lori la ushirika, mtu wa shingo nene na maneno ya kuchekesha. Tatizo lake lilikuwa usingizi: popote alipokaa, alisinzia. Wiki iliyotangulia alisinzia akiwa kwenye usukani, anatoka Urambo na shehena ya tumbaku. Lori liliacha barabara, likaingia shamba la mahindi, likazimika lenyewe. Hakuna aliyeumia, ila meneja alichukua funguo na kumtuma hospitali.

— Shikamoo, Karani.

— Marahaba. Haya, daktari kasemaje?

Shilinde alikaa, benchi likalia.

— Kasema si uvivu wala si pombe. Nikilala, koo linaziba. Pumzi inakatika, nashtuka, navuta hewa, naanza kukoroma, halafu linaziba tena. Hivyo hivyo hadi kunakucha. Ndiyo maana mchana nasinzia. Anasema nina mafindofindo makubwa kama mayai ya kanga, anataka kuyatoa kwa kisu. Kesho anataka jibu.

— Kisu kooni? Redio akauliza.

— Kooni.

Karani akaweka kikombe chini.

— Usikubali, mwanangu. Mimi nimekaa na mafaili miaka thelathini, najua hesabu. Kila mtu kapewa pumzi zake. Wewe zikikatika usiku, maana yake hazitumiki. Unaziweka akiba. Wewe utafika miaka mia na ishirini.

— Mzee, kwa akiba hiyo juzi nimelala na lori zima kwenye mahindi.

Redio alitikisa kichwa kama mtu anayewahurumia wasiosoma.

— Karani hajui magari. Ndugu Shilinde, wewe umeendesha lori miaka kumi, umevuta moshi na vumbi lote la barabara ya Urambo. Koo lako limeganda masizi kama kabureta. Kabureta haikatwi, inasafishwa. Kunywa mafuta ya taa kijiko kimoja, kisha kimbia mpaka sokoni.

— Nikifika sokoni nikaungua je?

— Yataungua masizi, wewe utabaki.

Nilikuwa nimeshika gurudumu la mteja, lakini nikashindwa kunyamaza.

— Bukene kuna mzee anakata kimeo. Dakika mbili, umemaliza. Dereva mmoja alikatwa, sasa anaimba kwaya.

— Alikuwa haimbi kabla?

— Alikuwa anaimba. Sasa anaimba sauti ya kina mama.

Shilinde alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. Karani hakucheka. Alisema kelele zile pengine si za Shilinde kabisa, ni treni ya Mwanza iliyomwingia kifuani kwa kukaa karibu na reli, na mtu akitolewa treni ghafla anaweza kukauka. Redio akajibu kwamba kama ni treni, basi asipewe daktari, apewe mtu wa kupeperusha bendera. Wakaendelea hivyo, mmoja akipanda juu ya mwingine, na Shilinde akiwageukia huku na huku kama mtu anayenunua kitambaa.

Mteja wangu alikuwa amesimama pembeni muda wote huo. Aliitwa Josepha, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, ametoka kijijini na tairi lililopasuka.

— Samahanini wazee, akasema. Naomba kuuliza. Huyu ndugu mwenyewe anaogopa nini?

Redio akachungulia ndani ya kikombe. Tangu saa mbili tulikuwa tunalizungumza koo la Shilinde, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ikabidi ajibu mwenyewe, na alijibu polepole.

— Kisu siogopi. Naogopa dawa ya usingizi. Nyumbani, pumzi ikikatika, mke wangu Pelagia ananisukuma ubavu, nazinduka. Mara nyingine anasukuma mara ishirini kwa usiku. Sasa pale hospitali wakinilaza, Pelagia yuko nje mlangoni. Pumzi ikikatika, nani atanisukuma?

Nilimfahamu Shilinde miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akisema neno moja kwa sauti ile.

— Hilo umemuuliza daktari? Josepha akasema.

— Sijamuuliza.

— Basi kamuulize. Ni njiani kwangu, nitakusindikiza.

Nikamalizia kiraka, nikajaza upepo. Wakaondoka, Josepha akisukuma baiskeli na Shilinde akitembea kando yake.

Alirudi kabla ya adhuhuri, anatembea haraka, jambo ambalo hatukulizoea.

— Kuna mtu, akasema kabla hajakaa. Kazi yake ni hiyo tu. Hashiki kisu. Anakaa upande wa kichwa changu tangu wanilaze mpaka niamke, anaangalia pumzi. Daktari amenionyesha, nimemwona kwa macho yangu. Kijana mmoja mwembamba, mikono yake imetulia. Nimempa mkono. Nimemwambia, ndugu, wewe ndiye Pelagia wangu wa Jumanne. Akasema sawa.

— Kwa hiyo unakatwa? Karani akauliza.

— Nakatwa.

Akakatwa Jumanne. Jumapili yake tukaenda kumwona saa ya kuwatazama wagonjwa, sisi watatu, Karani amevaa koti lake la kazini. Tulimkuta amelala chali, mdomo kaufumba. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, bila sauti yoyote. Pelagia alikuwa kwenye kigoda, mikono yake mapajani.

Redio aliinama, akaweka sikio karibu na pua ya mgonjwa.

— Shemeji, anapumua?

— Anapumua. Kalala tangu saa sita. Sijamgusa hata mara moja.

Tulikaa pale, watu wa maneno sisi, tunamsikiliza Shilinde anavyonyamaza. Kengele ya kuondoa wageni ilipogongwa alikuwa bado amelala. Karani akamwekea machungwa chini ya kitanda, tukatoka kwa kunyata.