Mche ndani ya Beseni

Boti ya kwenda Lweba ilipoondoka mji wa Baraka, Iddy alijikuta amebanwa kati ya watu wawili wasiojuana, majani ya mche yakimtekenya sikio. Mche ulikuwa wa mama Hawa, umesimama ndani ya beseni kuukuu.

"Serikali inasema kila muntu apande muti," alilalamika mama Hawa. "Lakini mi nalima shamba ya kuazima. Nikiupanda, mwenye shamba atanifukuza."

"Na atakuwa na haki!" alifoka mzee Bonaventure, mwenye mashamba mengi kule Lweba. "Muhogo unang'olewa. Muti unabakia, na kesho batoto bako banasema udongo ni yabo."

"Sasa, papa, nitii serikali ao nitii wewe?"

Boti nzima ikaangua kicheko. Iddy naye alicheka, kisha akapiga chafya, maana jani lilikuwa limehamia puani.

"Utii bote, serikali na mimi," alisema mzee, akishindwa kuzuia tabasamu.

Boti ikagusa mchanga. Mama Hawa akajitwika beseni, mche ukipepea juu ya kichwa chake. "Basi nimeupanda hapa! Huku juu hakuna mwenye shamba!"

Mzee akashuka mbiombio nyuma yake, apate kuona anaelekea shamba la nani.