Puto la Adalgisa

Benchi la mbele ya baa ya Dona Zuleide lina miguu mitatu na tofali, na wazee wanaolikalia wamelizoea. Ndege za uwanja wa Galeão hupita chini mno, mtu akiwa kwenye neno hunyamaza, ikishapita anamalizia. Jioni hiyo, kesho yake ikiwa mkesha wa Mtakatifu Yohana, Seu Nonato alikalia upande wa tofali. Nyumbani, upande wa kitanda uliokuwa wa marehemu mkewe, lilikuwa limelala puto la karatasi, la kupaa kwa moto, utambi tayari, limeandikwa jina lake, Adalgisa, kwa rangi nyekundu. Kila mwaka, usiku wa mkesha huo, humrushia moja. Sasa redio imetangaza sheria mpya: anayerusha puto la moto anahatarisha ndege, na ni jela.

— Jela hasa, alisema Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kufeli sheria. Puto likiwa angani na ndege ikiwa angani, hilo ni jaribio la kuua.

— Hata kama havijakutana? aliuliza Nonato.

— Hata kama. Kimya kingi kina mshindo.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? alicheka Turbina, aliyewahi kufagia karakana ya ndege. Watu wa anga nawajua mimi. Wana mtambo unasoma hadi mwandiko. Mzee Nonato, atakayekamatwa ni huyo uliyemwandika!

— Wamkamate, alisema Nonato. Wakimpata, waniambie.

Walicheka wote. Yeye hakucheka.

— Kesho watawashtaki tai, Turbina akaendelea. Mmoja akiingia kwenye injini, ukoo mzima kizimbani!

— Na Mtakatifu Yohana mchochezi! alidakia Wakili.

— Ndiyo hivyo. Mpanda ngazi hushuka, alisema Turbina, akanyoosha kikombe aongezewe.

Hapo akatokea Jussara, mpangaji mpya wa ghorofani, mhudumu wa ndege, yumo ndani ya sare, viatu mkononi. Aliomba kahawa, akasikiliza.

— Samahani wazee. Hilo puto huwa linashukia wapi?

Wakili alimtazama Turbina. Turbina akatazama juu. Ndege ikapita, na ilipokwisha kupita hakuna aliyemalizia neno.

— Binti, alisema Nonato, wewe unayepita huko juu, hujapata kuliona lolote?

— Usiku wa mkesha, mzee wangu, tunamwomba Mungu tusilione.

Zuleide aliinamisha chupa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Miaka yote Nonato alilisindikiza puto kwa macho mpaka likawa nukta, kisha akaingia ndani. Hakuwahi kufikiri kwamba linashuka. Alidhani linafika.

Mkesha wa Yohana alilala mapema, upande wake. Puto likabaki upande wa pili.