Flora Kwenye Orodha ya Maneno

CHEPCHIRCHIR: Haloo? Nani huyo? Mikono imejaa majani, sijaona jina.

NYAGAKA: Nyagaka wa Sigowet! Umesahau tulisoma kompyuta na wewe?

CHEPCHIRCHIR: Ai, Nyagaka! Chamgei!

NYAGAKA: Chamgei mising. Kapkatet wazima?

CHEPCHIRCHIR: Wazima, ni mvua tu. Sema haraka, karani wa majani chai hangojangi mtu.

NYAGAKA: Ile programu yako ya kukagua maneno ya Kipsigis. Nitumie code.

CHEPCHIRCHIR: Code? Yote?

NYAGAKA: Yote. Niongeze orodha ya Kisii kando ya yenu, halafu niiweke kwa mtandao, kila mtu achukue bure.

CHEPCHIRCHIR: Kwa mtandao! Nyagaka, hiyo kitu ni viraka tupu. Watu watanicheka mpaka—

NYAGAKA: Sikia kwanza. Mama ameanza kupoteza maneno. Juzi ameshika mwiko, jina lake limemkataa. Kesho naenda kwake na laptop. Nikichelewa—

CHEPCHIRCHIR: Haloo? Unakatakata.

NYAGAKA: Nikichelewa nitamuuliza nani?

CHEPCHIRCHIR: Pole. Ngoja nitue kikapu. Iko hapa kwa simu, ni kafaili kadogo... Haya, imeenda.

NYAGAKA: Imefika! Nafungua... Mbona ni safi? Eh, na hii orodha... Chep, Flora ni neno la Kipsigis?

CHEPCHIRCHIR: Flora?

NYAGAKA: Flora. Mbele kidogo, Flora tena. Ziko kumi na moja.

CHEPCHIRCHIR: [anacheka] Uuui! Hiyo ni ng'ombe!

NYAGAKA: Ng'ombe?

CHEPCHIRCHIR: Maneno yote alinitajia kogo, nyanya yangu. Na kogo hakuwa mtu wa kukaa bure, alinitajia akikamua. Mimi naandika kila kitu inatoka kwa mdomo. Neno, neno, "Flora!", neno—

NYAGAKA: Kumbe Flora alirusha teke mara kumi na moja! [anacheka] Basi wacha nifute hizo—

CHEPCHIRCHIR: Usifute!

NYAGAKA: ...Chep?

CHEPCHIRCHIR: Kogo tulimzika Novemba. Yale maneno mengine naweza kuuliza mzee yeyote hapa. Lakini nikifika kwa Flora, ni kama namsikia akigombana na ng'ombe yake.

NYAGAKA: Woi, pole sana, dada yangu. Sikujua. Sitagusa hata moja.

CHEPCHIRCHIR: Asante. Na hiyo code weka kwa mtandao, wenye kucheka wacheke. Lakini kesho usimkalishe mama kwa kiti kama shahidi. Muulize akifanya kazi. Anapendanga kufanya nini?

NYAGAKA: Kuchambua mboga, ile chinsaga. Akigombeza kuku.

CHEPCHIRCHIR: Basi andika na kuku.

NYAGAKA: Wote? Wako na majina— ngoja, credit inaisha—

CHEPCHIRCHIR: Wote, Nyagaka!

NYAGAKA: Hata jogoo? Anaitwa Hezekiah—

CHEPCHIRCHIR: Hezekiah aingie wa kwanza! Msalimie mama! Haya kwaheri, saise—

[Simu imekatika.]