Mkono Uliobaki Begani

Ndugu waombolezaji, Mama Mkubwa wangu, ambaye jeneza lake liko mbele yenu, alizaliwa tarehe 9 Februari 1944, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona nguo. Baada yake walizaliwa wawili: binti mwaka 1947 na mvulana mwaka 1950. Mvulana ndiye Mjomba, aliyeketi pale mbele akitazama viatu vyake. Habari za yule binti wengi wenu hamjawahi kuzisikia. Marehemu aliuandika wasifu wake mwenyewe mwaka 2016, akamruka mdogo wake, akaniagiza niusome neno kwa neno. Nimeuchana.

Marehemu alianza shule mwaka 1952 na kila mwaka alikuwa wa kwanza darasani. Mwishoni mwa 1959 baba yao alimwachisha, akasaidie kushona, kwa sababu nyumba ilikuwa na uwezo wa kumpeleka sekondari mtoto mmoja tu na alikuwa amemchagua yule binti mdogo. Mdogo alipofaulu, baba alivua saa yake ya mkononi akamvisha, huku marehemu amepiga magoti anapinda pindo la sare ya mwenzake. Nasema haya ili nimtendee haki. Alionewa, na hakuna aliyemwomba radhi.

Mwaka 1963 aliajiriwa katika studio ya picha karibu na stesheni. Alikaa dirishani na penseli nyembamba, akifuta chunusi na makunyanzi ya wateja kwenye negativu, ile filamu inayotolewa picha, kisha akipunguza kingo za picha kwa mkasi mdogo. Watu walitoka pale wazuri kuliko walivyoingia. Mtaani wakamwita Mama Mkasi, naye jina hilo alilipenda.

Mwaka 1964 mdogo wake alirudishwa nyumbani kutoka shule akiwa mjamzito. Nilizaliwa tarehe 3 Novemba, na tarehe 20 Januari 1965 mama yangu akafariki kwa homa. Marehemu alinichukua mimi, na wiki hiyo hiyo akaketi na albamu ya familia, akamkata mdogo wake katika kila picha. Picha moja tu ndiyo iliyomshinda. Wamesimama wawili, na mdogo ameweka mkono wenye saa juu ya bega la mkubwa. Kuuondoa ule mkono kulihitaji kukata bega lake mwenyewe, na kujikata hakuwa tayari. Basi akamwondoa mtu, akauacha mkono, akaitundika sebuleni.

Niliambiwa mama yangu alikuwa msichana wa kazi aliyenitelekeza. Nilideki, nilifua, nilikula mwisho. Nikiwa na miaka saba niliuliza ule mkono ni wa nani.

"Wa mpiga picha," alisema. "Alikuwa ananinyoosha nisimame vizuri."

Kwa miaka mingi niliamini wapiga picha wa zamani walikuwa na mikono mirefu ajabu.

Mwaka 1968 marehemu aliolewa na mwenye studio, mtu mpole aliyefariki mwaka 1991. Hawakujaliwa mtoto, na mimi sikuhesabiwa. Studio ilipofungwa Machi 2009 nilitumwa kutupa maboksi. Katika boksi la mwaka 1962 nilikuta negativu, nikaiinua dirishani, nikaona wasichana wawili, mkono wa mmoja uko begani mwa mwenzake. Nikaipeleka ikasafishwe. Huyo wa pili alikuwa na uso wangu, hadi mwanya wa meno ya mbele. Nikaenda moja kwa moja kwa Mjomba.

"Mjomba, huyu nani?"

Akaitazama sana. Akavuta droo, akaiweka mezani saa ile ile. "Mama yako huyo. Alikuwa ameivaa siku aliyofariki."

"Mbona hamkuniambia?"

"Dada alisema mtu akithubutu kukwambia, anakutoa nyumbani. Tukaogopa, utaenda wapi?"

"Nina miaka arobaini na minne, Mjomba. Nina nyumba yangu."

"Basi tulishazoea," akasema.

Siku hiyo alinileta makaburini hapa. Mama yangu hakuwa na jiwe wala jina, bali kibati chenye namba 212, na kutu ilikuwa imeshakula nusu ya ile mbili ya mwisho.

Mwezi Machi 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli na upande wote wa kulia. Nilihamia kwake. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza asipate vidonda, na hakuna hapa atakayesema vinginevyo. Pia niliitundika ile picha nzima ukutani, mbele ya kitanda, mahali ambapo macho yake hayakuwa na pa kukimbilia. Ilikaa pale miezi kumi na moja. Kila siku aliinua vidole viwili vya mkono wa kushoto, akavifungua na kuvifunga kama mkasi, akinitazama.

"Hukati tena, Mama Mkubwa," nilimwambia.

Machozi yakamtoka, nami nikayafuta kwa taulo safi. Nilifurahi. Sitawadanganya mbele ya maiti.

Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na tisa. Kesho yake nilitaka mkasi wa kukatia kitambaa cha jeneza, nikafungua droo ya cherehani yake. Mkasi ulikuwa umelala juu ya kopo la biskuti. Ndani ya kopo kulikuwa na vipande ishirini na vitatu vya picha, mama yangu mtoto, mama yangu na sare, mama yangu akicheka, na nyuma ya kila kimoja, kwa ile penseli nyembamba: mdogo wangu. Sijui kama vidole vile viliomba kukata au vilinielekeza kwenye droo. Ningemletea mkasi hata mara moja, ningejua. Sikumletea.

Marehemu ameacha mdogo wake wa kiume na mtoto mmoja wa mdogo wake wa kike, yaani mimi. Aliagiza azikwe kando ya baba yake. Kaburi mnaloliona limechimbwa kando ya namba 212, na jiwe litakuwa moja lenye majina mawili. Picha iliyo kwenye jalada la ratiba yenu ni ile nzima. Kopo nimebaki nalo.

Mama Mkubwa, mkono ule uko hapo hapo begani. Pumzika kwa amani, kama mama yangu atakuruhusu.