Mama Saa Moja Anapanda Ndege

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, karani wetu wa safari, ambaye sote tunamwita Mama Saa Moja, anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Kiwanja chetu ni kidogo: njia moja ya kurukia, ofisi mbili, na mizani ya mizigo inayomwonea kila mtu sawasawa.

Alianzia kwenye mizani hiyo, akapanda hadi dirisha la tiketi, kisha akakabidhiwa redio. Popote alipokaa, abiria walimwuliza swali lile lile: kiwanja cha ng'ambo ya milima ni mbali kiasi gani? Kilomita mia tatu na themanini, hujibu. Kwa ndege ni muda wa saa moja. Kwa barabara ni siku mbili, mto ukipenda.

Zamani alijibu kwa mkato kwamba ni saa moja tu. Basi mwalimu mmoja kijana, mgeni hapa, akasikia hivyo, akaenda zake kutembea, akarudi saa moja jioni, begi begani. Ndege ilikuwa imeondoka tangu mchana. Kwa aibu, Mama akamchukua hadi nyumbani kwake, maana ndege nyingine ilikuwa wiki iliyofuata. Wiki ilipoisha, mwalimu alikuwa amemzoea binti wa Mama kuliko alivyouzoea mji. Ndoa ikafuata, binti akahamia ng'ambo. Tangu hapo Mama husema "muda wa saa moja", tena kwa mkazo, nasi humtania kwamba amechelewa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ingawa mkwe aliyempata kwa kujikwaa huko ni mtu mwema sana.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Anaogopa, wala hafichi. Harusini alikwenda kwa basi, akafika sahani zinaoshwa. Aliporudi, macho yamevimba, hakuna aliyethubutu kumtania wiki nzima.

Labda hofu hiyo ndiyo iliyomfundisha desturi yake. Ndege ikisharuka, humimina chai, akaifunika kwa kisahani, na haigusi mpaka mwenzake wa ng'ambo aseme redioni kwamba wametua. Siku za upepo mbaya, chai hiyo hata paka asingeitaka. Tumemcheka sana. Lakini hakuna abiria wetu hata mmoja aliyesafiri bila mtu wa kumngoja, na kwa hilo tunampenda.

Mwezi uliopita binti yake alijifungua mtoto wa kike. Mara mbili Mama alikata tiketi, na mara mbili akairudisha mwenyewe dirishani. Ya tatu hajairudisha. Jana alipima mzigo wake kwenye mizani ile ile, akalalamika kwamba anaonewa. Leo, sherehe hii ikimalizika, anapanda. Ameomba kiti kilicho mbali na dirisha, na rubani ameahidi kutomwambia wanapita juu ya nini.

Mama yetu, asante kwa subira yako, kwa ukali wako wa asubuhi, na kwa kutungoja sote. Uzee wako uwe mwepesi, na mapaja yako yasikose mjukuu. Usiogope, ni muda wa saa moja tu. Chai tumeshaimimina na kuifunika; hakuna atakayeigusa hapa mpaka tusikie umetua.